Gari Lililopona Lenyewe

Zorobabel akazungusha usukani tena, na gari la marehemu Muyisa likaondoka bila sauti. Likapita nyuma ya rundo la matairi, likalizunguka lori bovu la mchanga, likarudi kusimama mbele ya Hulda kwa adabu zote. Hakuna taa iliyowaka. Hakuna nguvu iliyopungua. Dirisha la dereva halikuwa na kioo na mlango mmoja ulikuwa na alama za panga, lakini mashine yenyewe ilikwenda kama siku iliyoshuka melini.

"Chef, nakuambia tena na tena," fundi alisema, akitoa kichwa dirishani. "Hii motokari haiko na ugonjwa. Iko muzima kunipita mimi."

Hulda Kavuo hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vimejaa tope jekundu la Butembo, na tangu alfajiri hakuwa ameweka kitu tumboni ila chai ya rangi. Alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi wa polisi, na katika miaka hii ya vita upelelezi ulikuwa umegeuka kazi ya kuchelewa: unafika wafu wamekwisha kuzikwa, mashahidi wamekwisha kukimbia, na wakubwa wanataka jina la mtu kabla jua halijatua. Safari hii jina walikuwa nalo tayari. Salomon Mathe, dereva.

Maelezo ya Salomon yalikuwa mafupi. Bosi wake, Muyisa, mfanyabiashara wa vitenge, aliagiza gari la umeme kutoka Dubai, la mkono wa pili, kwa sababu kila waasi wakifunga barabara mafuta yanapotea mjini, na yeye nyumbani alikuwa na mabamba ya jua yaliyofunika paa zima. Mji mzima ulikuja kulitazama gari lile. Walimcheka, kisha mafuta yakapotea, wakaacha kucheka. Muyisa akawa anakwenda nalo Beni, kwenye duka lake la mtaa wa Bungulu, na kurudi bila kumwomba mtu hata lita moja. Hadi siku ile walipovuka Maboya: taa za hatari zikawaka, nguvu ikaisha, gari likalala kwenye kona. Muyisa akamwambia dereva apande mlima kutafuta rezo ya simu, waje kuvutwa. Salomon akapanda. Akiwa huko juu, watu wa mapanga wakatoka kwenye mashamba ya kakao.

Dereva alirudi hai. Bosi alirudi ndani ya turubai. Na askari walioliburuta gari hadi mjini, kesho yake walibonyeza kitufe kwa mchezo tu, gari likawaka.

Balaa lilianzia hapo. Kama gari ni zima, basi halikufa, lilisimamishwa. Na aliyelisimamisha mahali pale, kisha akaondoka kwa miguu kabla wauaji hawajafika, ni mwenzao. Tangu mkoa uwekwe chini ya jeshi, kesi za namna hiyo zilipelekwa kwa majaji wa kijeshi kule Beni, na Hulda hakuweza kumkumbuka mtu hata mmoja aliyempeleka kule akarudi kumsalimu. Kesho asubuhi Salomon alitakiwa kupakiwa kwenye jeep. Hulda alibakiwa na siku hii moja ya kulifanya gari lile liugue.

"Tuanze tena," alisema. "Batri ndogo?"

"Nilipima. Iko bien."

"Ile waya inafunga batri na chuma ya motokari?"

"Nilivuta, nilitikisa, nilipiga na nyundo. Inashika."

"Na ile pampu ya kupoza?"

"Inalia muzuri kabisa. Chef, mimi nilisomea Kampala. Motokari ya kuranti nilifungua kwa mikono yangu, wakati fundi ya hapa banaziona kwa telefone tu." Kampala ya Zorobabel ilikuwa haimwishi mdomoni, hata akila mandazi alikuwa anayalinganisha na ya Kampala. "Salomon anasema aliona kobe. Kweli, kobe iko. Ni picha kidogo ya kobe, inawaka kwa tableau, mbele ya usukani, kama motokari inapunguza nguvu. Mais ile haionyeshe kama iliwaka. Dereva yeyote anajua kobe."

Hulda alijifuta uso kwa kiganja. "Zorobabel. Mutoto akiwa na homa ya usiku, unamupeleka dispensaire muchana, nesi atakuambia nini?"

"Atasema mutoto iko muzima."

"Donc hii yetu iko na homa ya saa gani?"

Kampala hawakumfundisha hilo. Fundi akashuka, akavaa glavu zake nene za mpira, akafungua mlango wa nyuma kwa hasira kidogo. "Kunabakia fasi moja tu," alisema, akaliinua zulia lililo mbele ya kiti cha nyuma.

Chini yake palikuwa na kifuniko kidogo kilichofungwa kwa bulungi, boliti ndogo za chuma. Hulda akainama. Gari zima lilikuwa na vumbi la Maboya hadi kwenye bawaba za milango, lakini vichwa vya zile bulungi vilikuwa vinang'aa.

"Hapa panafunguliwa mara nyingi," alisema.

"Eeh. Mais hakuna kazi ya kupafungua. Mimi ningepafungua, ndiyo. Dereva atafuta nini hapa?"

Akakiondoa kifuniko, akavuta polepole plagi nene ya rangi ya machungwa, akaipindua kwenye mwanga. Pembeni ya meno makubwa ya shaba palikuwa na vijino vyembamba, na juu ya vijino hivyo palikuwa na unga mweupe, mahali pengine umegeuka kijani.

"Asidi!" Zorobabel akapiga kelele. "Mutu alimwanga asidi ya batri! Sabotage, chef! Andika!"

Hulda hakuandika. Alilikunja zulia, akalikunjua. Lilikuwa gumu na lenye baka jeupe, kama shati la mtu aliyelima likamkaukia mgongoni. Halikuwa na tundu hata moja.

"Asidi ingekula hii kitambaa," alisema. "Hii haikuliwa. Hivi vidogo vinafanya nini?"

"Vile ni kama askari wa mulango. Vinaangalia kama plagi imefunga, kama kuranti haitoroke. Kama vinaona mambo mubaya, vinaambia motokari: kata. Njo pale taa ya njano inawaka, kisha kobe, kisha motokari inalala." Akachukua kipimo chake, akagusisha hapa na pale, akatikisa kichwa. "Mais vinapima muzuri. Huu unga ni mukavu, haufanye kitu."

"Leo ni mukavu," Hulda akasema. Akasimama, magoti yakamlia.

*

Nje ya kituo cha polisi Kitsa alikuwa anamsubiri. Alikuwa mdogo wake Muyisa, kijana mwenye mwili, macho yamevimba kwa kukesha, na nyuma yake vijana wa mtaa walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakiwa kimya. Ukimya ule Hulda aliujua. Aliwahi kuona unakoishia.

"Yaya Hulda, dada mukubwa, mutupatie ule mutu," Kitsa alisema. "Juu ya nini kupoteza mafuta mpaka Beni?"

"Wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Manguredjipa. Nilikuwa kwa machimbo, watu wa karière yote waliniona. Juu ya nini unaniuliza mimi?"

"Watu banasema kaka yako alibeba dhahabu yako ndani ya motokari."

"Uongo!" Mate yakamtoka. "Dhahabu gani? Alibeba vitenge, na vitenge bale bauaji balivitupa njiani. Uliza mama. Yeye ndiye aliamuka naye. Kwa parcelle kulikuwa batu batatu tu: mama, Muyisa, na ule nyoka."

Hulda alilithibitisha hilo la Manguredjipa kwa simu moja; kule walisema Kitsa hakutuma dhahabu yoyote mjini, na neno la dhahabu likafia hapo. Lakini lile la watu watatu alilibeba mpaka kwenye kasho, chumba cha mahabusu.

Salomon alikuwa ameegemea ukuta, mtu mwembamba wa makamo, amevaa shati lililokosa mkono mmoja. Alisimama alipomwona. Hata mle ndani alikuwa hajasahau kumwamkia mkubwa.

"Kaa, Papa Salomon. Motokari iliwahi kulala mbele ya siku ile?"

"Iliwahi. Zaidi ya mara moja. Kobe inakuja, nguvu inapunguka, tunasimama. Kesho yake inakuwa muzima, kama haijafanya kitu."

"Ikilala, ni njia gani?"

"Ya Beni."

"Na Musienene? Si mulikuwa munaenda kuleta viazi?"

"Musienene haikulala hata siku moja. Même na mvua."

"Ile mulima ya Musienene ni mukali kuliko ile ya Beni."

"Ni mukali, kweli."

Hulda akaliweka hilo pembeni. "Asubuhi ya safari, nani aligusa motokari?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Ile kifuniko chini ya zulia, nani anaifungua?"

Dereva akatazama vidole vyake vya miguu. "Mimi."

"Kufanya nini?"

"Kupanguza vumbi."

"Unapanguza vumbi, unaacha unga mweupe?"

Huko nje pikipiki moja iliwashwa, ikazimwa. Salomon aliisikia, kila mtu kwenye kasho aliisikia.

"Papa Salomon, unajua kesho unaenda wapi?"

"Najua."

"Una bibi. Una batoto. Kama kuna mutu unamufunika, huu ndio wakati wa kumufunua."

"Hakuna mutu, chef." Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ya Hulda. "Unipeleke tu Beni."

Hulda alitoka akiwa na hasira, na hakujua hasira hiyo amwelekeze nani. Waongo alikuwa amewaona wa kila namna. Wote walikuwa wanadanganya ili watoke. Huyu alikuwa anadanganya ili abaki.

*

Kilio kilikuwa bado kinaendelea nyumbani kwa Muyisa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, chini ya hema la parokia, na sufuria la maharage lilikuwa linachemka bila mtu wa kulitazama. Mahali gari lilipokuwa linalala, waya wa kulichajia ulikuwa bado umening'inia ukutani.

Mama Katungu, mama wa marehemu, alikuwa mdogo wa umbo na mnyoofu wa mgongo, rozari imezungushwa mkononi. Alimkaribisha Hulda kwa mikono miwili na kumkalisha karibu naye. Hakulia. Alionekana kama mtu ambaye machozi yamemwisha na bado ana wageni wa kuhudumia.

"Pole, mama."

"Wasingya, asante, binti yangu. Ni wewe unapeleka Salomon Beni?"

"Ni mimi. Kesho."

"Kwa njia ile ile?"

"Njia ni moja tu, mama."

Mama Katungu akamtazama usoni kwa muda. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa maziwa ya unga na chupa ya maji. "Twende kwa motokari yako," alisema.

Jeep ya polisi ilikuwa imeegeshwa kando ya lango. Hulda alifuata nyuma bila kuelewa. Alikuwa mtu wa Kanisa la Kibatisti, amelelewa kwa nyimbo na kwa Biblia. Mambo mengine ya jirani zake Wakatoliki alikuwa ameyaona maisha yake yote bila kuyatazama.

"Najua nyinyi Baprotestanti hamuna hii," mama akasema, akifungua mkebe. "Mais ile njia haiulize mutu dini yake. Hii ni chumvi ya baraka. Padri aliombea, na maji vilevile. Usikatae, binti yangu. Mimi sitaki tena kusikia mama mwingine analia."

Akamimina chumvi kidogo kwenye kila gurudumu, midomo ikisema Salamu Maria. Chumvi ilikuwa nyeupe, ya chembe nene. Kisha akamwambia dereva wa polisi afungue kapo ya injini, akatupa konzi nyingine juu ya injini na kunyunyiza maji juu yake.

"Unaanza kwa miguu, unamaliza kwa moyo," alieleza. "Moyo ndiyo ya lazima. Motokari zingine zote moyo iko hapa mbele. Ile ya Muyisa ndiyo ilinisumbua, unafungua kapo hauone injini. Salomon njo alinionyesha. Moyo yake ilikuwa chini, chini ya zulia, kwa kifuniko kidogo."

Hulda alijua swali linalofuata, na hakutaka kuliuliza. Aliuliza. "Muyisa alikuwa anajua?"

"Batoto ya leo! Alinikataza. Alisema, mama, kuranti na maji havipatane, acha. Nikamuambia sawa, nimeacha." Mama Katungu akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Ningeacha namna gani? Nilikuwa naamuka mbele yake. Salomon ananifungulia, naweka, anafunga. Muyisa akitoka, tayari mutoto analindwa, yeye hata hajui."

"Kila safari, mama?"

"Hapana. Musienene kuna amani, nitasumbua Mungu ya nini? Ya Beni tu."

"Na siku ile ya mwisho?"

Rozari ikasimama kati ya vidole. "Siku ile niliweka mingi kupita zote. Usiku nililala vibaya, niliota muto imejaa maji. Nikamwanga konzi mbili, na maji nikamimina mpaka chupa ikabaki nusu." Akainua macho. "Sijui nilikosa wapi, binti yangu. Labda sikuomba na imani yote."

Hulda aliomba chumvi kidogo ya kubeba, na mama, kwa furaha, akamfungia konzi nzima ndani ya leso yake mwenyewe.

*

Kule gereji Zorobabel alipinga, akapinga, mwishowe akafanya alivyoambiwa. Alimwaga nusu ya chumvi juu ya plagi, akanyunyiza maji, akafunga kifuniko, akashika usukani. Hulda akakaa pembeni yake.

Uani gari lilikwenda vizuri. Walitoka langoni, wakapanda kilima cha kuelekea soko, na vizuri bado. "Unaona?" fundi akasema. "Chumvi ni chakula, chef. Chumvi haiwezi—" Wakaanza kushuka upande wa pili, ule wenye mashimo, gari likitikisika, na taa ya njano ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena. Halafu kwenye kioo, chini ya namba, akajitokeza kobe mdogo. Zorobabel alikanyaga hadi mwisho, lakini gari lilikuwa limemaliza kumsikiliza. Likaburuzika kidogo, likasimama katikati ya barabara, nyuma yao pikipiki zikaanza kupiga honi.

Kwa muda fundi hakutaja Kampala.

"Siku ya kwanza inalowa, inalala," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ikikauka, unga tu. Inapona. Njo maana mimi nilikuta muzima. Chef, bravo. Ulipata."

"Nimepata," Hulda alisema. Alitamani mno angekuwa hakupata.

*

Hulda alipoiweka leso mezani mbele yake, Salomon aliitambua kabla haijafunguliwa. Akajikunja kwenye kiti.

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu kwa kona." Alizungumza polepole. "Mimi ni dereva wa diesel, chef. Miaka yote tuliweka chumvi ya baraka kwa kapo ya lori, haikuleta shida hata moja. Ningejua namna gani? Mais ile mutu wa Dubai, mwenye kuuzisha motokari, aliambia bosi kwa telefone: ikilala tena, angalia chini ya zulia. Ikalala. Muyisa akafungua. Ilikuwa maji na chumvi, supu kabisa. Akanitazama. Mimi nikaona haya, nikamuambia yote."

"Alikasirika?"

"Alicheka." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Alisema: mama aliniambia aliacha. Tukapanguza na shati yangu, njo ule mukono unaona haiko. Ikakataa kuwaka. Akasema, panda mulima, tafuta rezo. Nikaenda kidogo, akaniita tena. Akasema: Salomon, usimuambie mama. Atalia. Njo neno yake ya mwisho aliniambia mimi."

Hulda alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka chini.

"Kwa hiyo ungeenda kufa Beni."

"Nani angemuambia, chef? Wewe ungemuambia?"

Alimwambia. Hakukuwa na njia nyingine, maana bila sababu ya gari kufa, hapakuwa na dereva wa kuachiliwa, na pikipiki zilikuwa bado zipo langoni. Alimwita Mama Katungu na Kitsa ofisini, akafunga mlango, akawakalisha, na akayasema yote ya gari kwa maneno machache aliyoweza kuyapata: plagi, chumvi, maji, kobe. Hakusema moyo. Kitsa alianza kubisha, akatazama uso wa mama yake, akageukia ukuta.

Mama Katungu alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Akaiangalia leso yake pale mezani.

"Donc ni mimi," alisema.

"Mama, ni bauaji ndio balimuua Muyisa," Hulda akasema. "Wewe haukushika panga."

"Mimi nilimusimamisha. Wao walimukuta amesimama." Hakupandisha sauti. "Leteni Salomon."

Wakamleta. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Mama akamtazama shati lake, akatazama miguu yake peku, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Muyisa alijua? Pale kwa kona, alijua ni chumvi yangu?"

Salomon hakumtazama Hulda. Hakuitazama leso.

"Hapana, mama. Alisema ni batri."

Kalamu ilikuwa mezani, na karatasi ya maelezo mapya ya dereva ilikuwa bado haijaandikwa. Hulda aliisogeza karibu. Akaandika kwamba gari lilikatika nguvu kwa chumvi na maji yaliyoingia kwenye plagi kuu, kwamba fundi ameshuhudia, kwamba Salomon Mathe aachiliwe, na kwamba Beni watapelekewa karatasi hii badala ya mtu. Kuhusu yale marehemu aliyoyasema kabla ya kufa, aliandika: aliagiza itafutwe rezo. Akatia sahihi.

Mama Katungu akainuka. Akamshika Salomon kwa ule mkono usio na nguo. "Huyu hajafika kilio," alimwambia Kitsa. "Mutu amekaa naye njiani miaka yote, hamukumuacha hata amulilie. Tangulia, uambie bale vijana bafungue njia."

Kitsa akatangulia. Hulda alisimama dirishani na kusikia sauti yake ikipanda langoni, ikikatika, ikipanda tena. Kisha pikipiki zikawashwa, moja baada ya nyingine, zikaondoka polepole, na mama na dereva wakapita katikati ya moshi wakiwa wameshikana.

Hulda alingoja hadi wamekata kona ya soko. Ndipo akachukua kitambaa, akatoka uani, akafungua kapo ya jeep na kuanza kuifuta chumvi.